Uigizaji na Ushahidi: Cicely Tyson na Swali la Ukweli wa Jukwaani

Miongoni mwa maswali ambayo dini na falsafa zimeyarithi kutoka kwa watu wa kale bila kuyamaliza, lipo swali la hali ya mwigizaji mbele ya ukweli. Mtu anayepanda jukwaani akajiita kwa jina lisilo lake, akamlilia mtoto ambaye hakumzaa, akazeeka mbele ya macho ya watu kisha akarudi nyumbani akiwa na umri wake uleule, anafanya nini hasa? Ikiwa kusema uongo ni dhambi, na ikiwa ukweli ni sifa ya Mungu kabla ya kuwa wajibu wa mwanadamu, basi kazi ambayo msingi wake ni kujifanya mtu mwingine inahitaji kutetewa, wala haitoshi kuitetea kwa kusema kwamba inawaburudisha watu, kwa kuwa uongo nao huburudisha. Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuyafuata maisha ya kazi ya Cicely Tyson, mwigizaji wa Marekani wa filamu, televisheni na jukwaa, aliyezaliwa katika jiji la New York tarehe 19 Desemba 1924 na kufariki tarehe 28 Januari 2021. Ni waigizaji wachache wa karne yake walioishi na swali hili kwa uwazi kama yeye, kwa sababu alilelewa katika nyumba iliyouona mchezo wa kuigiza kuwa dhambi, hakuliacha kanisa hadi kufa kwake, na bado aliigiza kwa zaidi ya miaka 60, akizipokea na kuzikataa nafasi kwa kipimo cha kimaadili alichokitangaza hadharani na kukigharimia kwa vipindi virefu vya kukosa kazi.

Tuhuma dhidi ya jukwaa ni za zamani kuliko utetezi wake katika Ukristo. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago katika Afrika ya Kaskazini, aliandika yapata mwaka 200 kitabu kizima cha kuwaonya waumini dhidi ya maonyesho ya Warumi, na pamoja na hoja zake kuhusu ibada za miungu zilizoambatana na maonyesho hayo, aliweka hoja moja isiyotegemea mazingira ya Roma hata kidogo: kwamba Mungu aliye asili ya ukweli hapendi chochote cha kubuni, na kwa hiyo hawezi kumkubali mtu anayeghushi sauti, jinsia, umri, mapenzi, hasira na machozi. Hoja hiyo haikubaki vitabuni tu. Nchini Ufaransa, Molière alipofariki mwaka 1673, saa chache baada ya kuugua akiwa anaigiza, ilibidi mfalme aingilie kati ndipo akazikwa usiku katika ardhi ya kanisa, na mwaka 1730 mwigizaji mashuhuri Adrienne Lecouvreur alinyimwa kabisa maziko ya Kikristo. Ni kweli kwamba Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alikuwa amekwisha kufundisha kwamba kazi ya waigizaji si dhambi kwa asili yake, mradi ifanywe kwa kiasi na bila maneno au matendo machafu, kwa kuwa binadamu anahitaji kupumzisha roho kama anavyohitaji kupumzisha mwili. Lakini ruhusa inayotolewa kwa sababu ya udhaifu wa binadamu haimpi mwigizaji heshima yoyote, na inamwacha akiwa mtu anayevumiliwa.

Wazazi wa Cicely Tyson walihamia New York kutoka Nevis, kisiwa kidogo cha Karibi kilichokuwa chini ya utawala wa Waingereza, na baada ya ndoa yao kuvunjika ni mama aliyebaki kuwa kiongozi wa maisha ya watoto, akiwalea kwa nidhamu ya kanisa ambayo haikuishia Jumapili. Binti aliimba kanisani, akajifunza kinanda, akaja kufanya kazi ya kupiga taipu katika shirika la Msalaba Mwekundu, kisha akawa mwanamitindo. Katikati ya miaka ya 1950, alipoamua kuwa mwigizaji, mama alimtaka aondoke nyumbani, na kwa muda wa miaka ipatayo miwili hawakuzungumza. Ni rahisi kuisimulia habari hii kama ushindi wa kipaji dhidi ya ushamba, na waandishi wengi wameisimulia hivyo, lakini kufanya hivyo ni kumdhulumu mama. Msimamo wake ulikuwa ule wa Tertuliano, hata kama jina hilo halikuwahi kutajwa nyumbani kwake, na historia ya Marekani ilimpa sababu ambazo Tertuliano hakuwa nazo. Tangu miaka ya 1830 jukwaa la nchi hiyo lilikuwa limejipatia fedha nyingi kwa maonyesho ambamo Wazungu walijipaka masizi usoni wakawaigiza watu weusi kuwa wajinga, wavivu na wezi wenye kuchekacheka, na sinema ilipozaliwa ikaurithi mchezo huo pamoja na hadhira yake. Mama mwenye asili ya Afrika aliyeamini kwamba huko kulikuwa na uongo alikuwa anasema jambo lililoweza kuthibitishwa. Baadaye alikuja kumtazama binti yake jukwaani na mafarakano yakaisha. Lakini hoja yake haikufa kwa kupatanishwa, na inaweza kusemwa kwamba maisha yote ya kazi ya binti yalikuwa jibu kwa mama.

Sehemu ya kwanza ya jibu hilo ilikwisha kutolewa na mwana mwingine wa Afrika ya Kaskazini. Augustino, aliyekuja kuwa askofu wa Hippo, aliueleza uongo, katika kitabu alichokiandika yapata mwaka 395, kuwa ni tendo la mtu ambaye ana jambo moja moyoni na kutamka jingine kwa nia ya kudanganya. Nia ndiyo kiini cha maelezo hayo. Anayefanya mzaha hadanganyi, kwa sababu sauti na uso wake vinamjulisha msikilizaji kwamba maneno yasichukuliwe kama yalivyo, na mwigizaji yuko katika hali hiyohiyo, kwa maana jukwaa, taa, tiketi na jina lake kwenye tangazo humjulisha kila aliyeketi ukumbini kwamba mwanamke anayelia si yule anayeitwa kwa jina hilo. Miaka michache kabla ya hapo, katika mazungumzo aliyoyaandika kati yake na akili yake mwenyewe, Augustino alikwenda mbali zaidi alipomtaja Roscius, mwigizaji maarufu wa Roma, aliyekuwa mwanamume kwa asili na Hecuba wa uongo, yaani malkia wa Troy, kwa hiari yake. Alisema kwamba Roscius alikuwa mwigizaji wa kweli kwa sababu hiyohiyo ya kukubali kuwa Hecuba asiye wa kweli, na angekataa kuwa Hecuba wa uongo asingekuwa mwigizaji wa kweli kamwe. Hapo Augustino aligundua kitu ambacho Tertuliano hakukiona: kwamba kuna aina ya ukweli ambayo haiwezi kufikiwa ila kwa kupitia kitu kisicho kweli, na kwamba uhalisi wa kazi ya mtu hauvunjwi na ubunifu wa kile anachokionyesha.

Mchezo uliomtambulisha Tyson kwa wapenzi wa jukwaa wa New York ulilichukua jambo hilo na kuliweka wazi kuliko mtaalamu yeyote wa teolojia. Mwezi Mei 1961 ulianza kuonyeshwa katika ukumbi wa St. Mark's Playhouse mchezo wa Mfaransa Jean Genet unaoitwa The Blacks, ambamo waigizaji weusi, baadhi yao wakiwa wamevaa vinyago vyeupe, wanamwigiza malkia, hakimu, mmisionari na gavana wa koloni wakiketi kama baraza la kuitazama kesi ya mauaji. Pamoja na Tyson walikuwamo James Earl Jones, Maya Angelou, Roscoe Lee Browne na Louis Gossett, na maonyesho yalifika 1,408. Watu waliokuwa wameigizwa kwa masizi kwa zaidi ya karne moja sasa waliwaigiza waigaji wao kwa kinyago ambacho hakikukusudiwa kumdanganya yeyote. Kinyago kilikuwa kinasema waziwazi kwamba ni kinyago, na kwa kusema hivyo kikaonyesha kwamba masizi ya zamani nayo yalikuwa kinyago, ingawa yalipita miaka mingi yakidai kuwa sura halisi. Inafaa kukumbuka pia kwamba mhusika aliyepewa Tyson humo, Virtue, ni kahaba, jambo litakalokuwa na uzito baadaye katika uchunguzi huu.

Hata hivyo Augustino aliacha tuhuma nyingine ambayo utetezi wake mwenyewe hauigusi. Katika kitabu cha tatu cha Maungamo anakumbuka jinsi alivyopenda michezo ya huzuni alipokuwa mwanafunzi kijana Karthago, na anauliza ni huruma gani hiyo ambayo haimwiti mtazamaji kumsaidia anayeteseka, ikimwalika tu ahuzunike, tena aifurahie huzuni yake na kumlaumu mwigizaji asipomliza vya kutosha. Tuhuma hii ni nzito kuliko ya Tertuliano. Mwigizaji anaweza kuwa mwaminifu kabisa, watazamaji wakajua kabisa kwamba wanatazama jambo la kubuni, na bado mchezo ukawa umewafundisha watu kuyafurahia mateso ya wengine na kuondoka wakijiona wema kwa sababu walilia. Yeyote anayetaka kusema kwamba uigizaji una thamani ya kimaadili lazima apite mlango huu, na hawezi kuupita bila kurudi nyuma hadi kwa mwanafalsafa Mgiriki Plato.

Plato, katika kitabu cha tatu cha Jamhuri, anaizungumzia mimesis, neno la Kigiriki lenye maana ya uigaji, na hasa kitendo cha mtu kujifananisha na mwingine kwa sauti na mwenendo. Hofu yake si kwamba uigaji unadanganya, hoja anayoiweka mahali pengine, bali kwamba uigaji unaozoewa tangu ujana huingia katika tabia, mwili, sauti na fikra, ukawa maumbile ya pili. Kwa hiyo walinzi wa mji wake bora, watakaoshika madaraka, wanakatazwa kumwigiza mwanamke anayegombana na mumewe au aliyezidiwa na msiba na kilio, sembuse mgonjwa au aliye katika utungu wa uzazi, na wanakatazwa vilevile kuwaigiza watumwa wakifanya kazi za kitumwa. Orodha hiyo ikisomwa leo karibu na orodha ya wahusika wa Tyson, zinafanana kiasi cha kumshangaza msomaji. Mwaka 1972 alimwigiza Rebecca, mke wa mkulima maskini ambaye mumewe anafungwa kwa kuiba chakula. Mwaka 1974 alimwigiza Jane Pittman, aliyezaliwa utumwani. Mwaka 1977, katika tamthilia ya Roots, alikuwa Binta, mama anayenyang'anywa mwanawe Kunta Kinte na wafanyabiashara wa watumwa. Na mwaka 1978 akawa Harriet Tubman, mtumwa aliyetoroka kisha akarudi kuwatorosha wenzake. Aliwaigiza karibu wote ambao Plato aliwafungia mlango. Wala hakufanya hivyo kwa kuipuuza hoja ya Plato, kwa maana aliiamini kuliko watu wengi wanaomsoma Plato vyuoni: aliamini kwamba kinachoigwa kinaingia ndani ya anayeiga na anayetazama, na kwa sababu hiyohiyo akaona kwamba jambo la kuogopwa halikuwa kumwigiza mtumwa, lilikuwa kumwigiza vibaya.

Filamu ya Sounder, iliyoongozwa na Martin Ritt, ndiyo iliyoligeuza wazo hilo kuwa kanuni. Riwaya ya William H. Armstrong, ambayo filamu ilitokana nayo, haimpi jina mtu yeyote wa familia inayosimuliwa. Mwenye jina ni mbwa peke yake. Mwandishi wa filamu, Lonne Elder, aliwapa majina, na Tyson akampa mama aliyeitwa Rebecca uzito wa mtu ambaye jina hilo lilikuwa lake siku zote. Mume anaporudi kutoka kifungoni akichechemea katika barabara ndefu ya vumbi, Rebecca anatoka mbio kumlaki, na katika mbio hizo, ambazo hazina maneno zaidi ya mwito wa jina la mume, ndoa ya watu maskini ilionyeshwa kwa utimilifu ambao sinema ya Marekani haikuwa imezoea kuwapa watu weusi. Katika siku za kuitangaza filamu hiyo, mwandishi wa habari Mzungu alimwambia Tyson kwamba lilimshangaza jambo moja, nalo ni kumsikia mtoto mweusi akimwita baba yake kwa jina lilelile la upendo ambalo watoto wake mwenyewe hutumia kumwita yeye. Tyson aliisimulia habari hiyo mara nyingi hadi uzeeni, akieleza kwamba hapo ndipo alipotambua kuwa hawezi kuifanya kazi hii kama riziki tu, na tangu hapo alichagua nafasi zile tu ambazo zingewaonyesha watu weusi, na hasa wanawake, kuwa binadamu kamili.

Kilichofunuliwa na maneno ya mwandishi yule kinastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake limo jibu kwa Augustino. Mtu huyo hakuwa amelizwa na filamu kisha akaridhika na machozi yake. Alikuwa amekutana na uwezekano ambao haukuwamo akilini mwake, yaani kwamba upo upendo wa baba na mwana katika nyumba ya watu aliokuwa akiishi nao nchi moja maisha yake yote, na uwezekano huo uliletwa kwake na mtu aliyekuwa anajifanya. Huruma ya jukwaani, kwa maelezo ya Augustino, ni tasa kwa sababu Hecuba hayupo na hawezi kusaidiwa. Lakini wanawake wa namna ya Rebecca walikuwapo, na mtazamaji alipotoka ukumbini angekutana nao jikoni, kwenye basi na kwenye foleni ya kupiga kura. Uigizaji wa namna hii unakaribia kuwa ushahidi, yaani kauli ya mtu anayesimama mbele ya baraza kuthibitisha jambo ambalo baraza halikuliona au limekataa kuliona. Tyson hakuwa Rebecca, lakini hata shahidi mahakamani huwa anasema kwa ajili ya tukio ambalo halipo tena mbele ya hakimu.

Ushahidi, hata hivyo, una masharti, na la kwanza ni kumjua vyema yule unayemsemea. Kwa ajili ya The Autobiography of Miss Jane Pittman, filamu ya televisheni iliyotokana na riwaya ya Ernest Gaines ya mwaka 1971 na kuonyeshwa tarehe 31 Januari 1974, Tyson alipaswa kumwigiza mwanamke kuanzia ujana wake hadi umri wa miaka 110. Alikwenda katika nyumba za kutunzia wazee akawatazama wakiketi, wakiinuka, wakishika kikombe na kutafuta neno lililowapotea, huku mafundi Stan Winston na Rick Baker wakimtengenezea ngozi ya uso iliyomchukua saa nyingi kuvaa kila siku ya kazi. Mwanafalsafa Mfaransa Denis Diderot, katika maandishi yake ya miaka ya 1770 kuhusu kile alichokiona kuwa fumbo la mwigizaji, alidai kwamba mwigizaji mkuu haguswi na hisia anazoziamsha kwa wengine, kwa sababu anayelia kweli hushindwa kuitawala sauti yake na kesho hataweza kulia vilevile; utulivu wa ndani, kwake, ndio unaozalisha dhoruba ya nje. Kazi ya Tyson inaonyesha kwamba Diderot aliona nusu tu. Utawala wa ufundi ulikuwapo, wala hakuna mtu anayeweza kuupima urefu wa hatua za mwanamke wa miaka 110 bila akili iliyotulia. Lakini kusudi la utulivu huo lilikuwa kumwachia nafasi mtu mwingine, na hilo ni jambo ambalo lugha ya dini inalieleza vizuri zaidi kuliko ya Diderot, kwa kuwa dini zinajua habari za kujinyima ili mwingine apate kuwapo.

Katika tendo la mwisho la filamu hiyo, Jane Pittman anatembea polepole kuliendea bomba la maji ya kunywa lililotengwa kwa ajili ya Wazungu, askari wakimtazama, anakunywa, kisha anageuka na kurudi. Tendo hilo halimo katika riwaya, na Jane mwenyewe hakuwahi kuishi, ingawa wasomaji wengi waliamini kwamba ni mtu wa kweli. Je, mtu wa kubuni anaweza kutoa ushahidi? Jibu lililo salama ni kwamba hawezi kuthibitisha tukio, ila anaweza kuthibitisha namna ya kuishi, kwa jinsi mfano unaosimuliwa katika Injili unavyoweza kuwa wa kweli bila Msamaria kuwa na anwani. Na kama Plato alitaka uthibitisho kwamba kinachotazamwa huota mizizi, upo: katika mji wa Central Falls, jimbo la Rhode Island, mtoto wa familia maskini aitwaye Viola Davis alimwona Tyson katika filamu hiyo kwenye televisheni, na amesema mara nyingi kwamba hapo ndipo alipotaka kuwa mwigizaji.

Kanuni ya Tyson inapaswa kupingwa kwa hoja iliyo bora, na hoja hiyo ipo. Shahidi anayechagua mema peke yake si shahidi mwaminifu. Wapo watu weusi walevi, wezi na makahaba, kama walivyo watu wa kila rangi, na sanaa inayowaficha inawanyima ubinadamu wao nao, tena inawatwika wanaoonyeshwa mzigo wa kuwa watakatifu ndipo wastahili heshima. Waigizaji waliopokea nafasi alizozikataa Tyson wana haki ya kuuliza ni nani aliyempa mamlaka ya kuwapima. Hattie McDaniel, mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, aliipata mwaka 1940 kwa kumwigiza mtumishi wa ndani katika Gone with the Wind, akaketi usiku ule kwenye meza iliyotengwa na wenzake Wazungu, kisha akalaumiwa na watu wa rangi yake kwa nafasi zilezile zilizompa riziki. Ni vigumu kuisoma habari hiyo bila kuona kwamba lawama ilimwangukia aliyekuwa na uwezo mdogo kuliko wote.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini haimpati Tyson moja kwa moja, kwa sababu mbili. Kwanza, kipimo chake hakikuwa kazi anayoifanya mhusika wala usafi wa maisha yake. Aliyekuwa amemwigiza kahaba wa Genet, na ambaye angemwigiza mtumishi wa ndani miaka 50 baadaye, hakuwa anawabagua makahaba na watumishi. Alikataa nafasi ambamo mhusika hana chochote zaidi ya kazi hiyo, ambamo ukahaba au ulevi ndio jibu la swali zima la yeye ni nani. Pili, ushahidi hupimwa kwa kuzingatia ushahidi mwingine uliokwisha kusikilizwa. Mwaka 1972 studio za Hollywood zilikuwa zimegundua faida katika filamu za wauza dawa za kulevya na makuwadi weusi, na katika baraza ambalo upande mmoja umesikilizwa kwa miaka 140, anayesimama kuusemea upande wa pili hawezi kulaumiwa kwa kutoyarudia yaliyokwisha kusemwa. Gharama yake ilionekana wazi. Mwaka 1973 yeye na Diana Ross waliteuliwa pamoja kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike, na kabla yao mwanamke mweusi pekee aliyewahi kuteuliwa katika nafasi hiyo alikuwa Dorothy Dandridge. Tyson hakuteuliwa tena kamwe, na Oscar pekee aliyoipata ilikuwa ile ya heshima, mwaka 2018, akikaribia kutimiza miaka 94.

Kuna jambo moja katika maisha yake ambalo utetezi huu wote hauwezi kulikwepa, nalo linahusu umri. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba Tyson alizaliwa mwaka 1933, kwa kuwa mwanzoni mwa kazi yake, kwa ushauri wa aliyemsimamia, alijipunguzia karibu miaka kumi. Kwa kipimo cha Augustino huo ndio uongo halisi: ulisemwa nje ya jukwaa, bila taa wala tiketi, kwa nia ya kuaminiwa. Mwanamke ambaye alivaa miaka 110 mbele ya taifa zima bila kumdanganya mtu hata mmoja, alikuwa akidanganya kuhusu miaka yake 49 katika karatasi za wasifu. Haitoshi kusema kwamba biashara ya filamu ilimlazimisha, ingawa ni kweli kwamba biashara hiyo huwazeesha wanawake mapema na ilimzeesha mwanamke mweusi kabla hata hajaanza. Aliyeukataa ushahidi wa uongo kuhusu watu wake aliukubali kuhusu nafsi yake. Hatimaye aliusahihisha uongo huo, na kitabu cha maisha yake, kilichotoka siku mbili kabla ya kifo chake, kinautaja mwaka ulio sahihi. Mkasa huo hauiangushi hoja ya Augustino. Unaithibitisha, kwa kuonyesha kwamba mstari kati ya uigizaji na uongo haupiti pale ambapo Tertuliano aliuchora.

Mpaka mwingine wa wajibu wa mwigizaji ulionekana mwaka 2011 katika filamu ya The Help, ambamo Tyson, akiwa na nafasi fupi, alimwigiza Constantine, mtumishi aliyemlea binti wa Kizungu hadi ukubwani kisha akafukuzwa. Viola Davis, aliyekuwa mhusika mkuu, alisema hadharani mwaka 2018 kwamba anajutia kushiriki, kwa kuwa mwishoni sauti zilizosikika hazikuwa za watumishi wale. Kauli hiyo inaonyesha udhaifu ambao kanuni ya Tyson haikuwa na dawa nayo. Mwigizaji anaweza kumpa mhusika ubinadamu wote alio nao, lakini si yeye anayeamua kamera ielekezwe wapi, hadithi ianzie kwa nani na iishie kwa nani. Shahidi anaweza kusema kweli tupu na bado hukumu ikaandikwa na mwingine. Na heshima ambayo Tyson aliitegemea iwe ndani ya nafasi, wakati mwingine ilipaswa kutafutwa katika ofisi ya mwenye fedha, mahali ambapo kizazi chake hakikuruhusiwa kuingia.

Baada ya kuiona filamu ya mwaka 1985 ya The Trip to Bountiful, Tyson alimwambia wakala wake kwamba kabla hajafa anataka nafasi kama ile. Aliipata mwaka 2013, jukwaani Broadway, alikokuwa hajaigiza kwa miaka 30. Mchezo huo wa Horton Foote unamhusu Carrie Watts, mwanamke mzee anayeishi kwa kubanana na mwanawe na mkwewe huko Houston, anayetoroka ili akaione tena nyumba yake ya zamani huko Bountiful. Uliandikwa kwa ajili ya familia ya Kizungu. Ulipochezwa na familia nyeusi, kituo cha basi cha Texas ya miaka ya 1950 kilipata maana mpya bila mabadiliko makubwa ya maneno. Tyson alishinda tuzo ya Tony akiwa na umri wa miaka 88. Lakini kilichozungumzwa zaidi na waliouona ni kwamba Carrie Watts alipouimba wimbo wa kanisa wa Fanny Crosby uitwao Blessed Assurance, ambao waumini wa Afrika Mashariki nao huuimba kwa Kiswahili katika ibada zao, watazamaji walianza kuimba naye, usiku baada ya usiku, bila mtu yeyote kuwaambia waimbe.

Swali la awali linarudi hapa likiwa gumu zaidi. Aliyekuwa anaimba jukwaani alikuwa Carrie Watts ambaye hayupo, kwa kinywa cha mwanamke aliyeujua wimbo huo tangu utotoni na kuuamini. Kwa maneno ya Augustino, alikuwa Carrie Watts wa uongo na mwimbaji wa kweli kwa pamoja. Augustino huyohuyo, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, anakiri kuogopa kwake pale anapoguswa na wimbo kuliko kinachoimbwa, na hata hivyo anaamua kwamba kuimba kubaki kanisani, kwa sababu anazikumbuka faida ambazo nyimbo zilimletea alipokuwa anaanza kuamini. Angeliweza kuiongeza hofu hiyo maradufu kama angeketi katika ukumbi ule wa Broadway, ambamo wimbo wa sifa ulikuwa sehemu ya bidhaa iliyolipiwa. Ila kuna jambo ambalo hesabu yake yenyewe ingemlazimisha kulikubali. Mwigizaji alikuwa na kinyago chake, kilichojulikana na wote, na nyuma ya kinyago alifanya kazi yake kwa uaminifu. Mtazamaji aliyeimba hakuwa na kinyago wala mhusika wa kumsingizia. Aliimba kwa sauti yake na kwa jina lake, na alichokifanya kuhusu mwanamke mzee wa kwanza aliyekutana naye mlangoni alipotoka ni hesabu yake mwenyewe, ambayo Cicely Tyson hawezi kumjibia.